Mzinga Ununue Mwisho

Mwongozo kwa vijana wanaotaka kufuga nyuki katika msitu wa kijiji

Katika vijiji vya ukanda wa miombo, kuanzia Tabora na Katavi hadi Kigoma na Singida, si ajabu kukuta mizinga mizuri ya mbao ikining'inia bila nyuki hata mmoja. Ililetwa na mradi, vijana wakapigwa picha nayo, mradi ukafunga hesabu zake, na ndani wakahamia buibui na mijusi. Mara nyingi chanzo ni kilekile: watu walianza na mzinga. Mwongozo huu unageuza mpangilio. Anza na msitu na haki yenu ndani yake, kisha tafuta mtu wa kuwafundisha, kisha undeni kikundi. Fedha ya mzinga itoke mwisho.

Umeandikwa kwa ajili ya kijana wa kijijini Tanzania Bara, wa kike au wa kiume, mwenye nguvu na simu lakini asiye na mtaji wa kuchezea. Ukiwa nchi jirani, hatua za kufuga zitakufaa. Zile za sheria waulize wataalamu wa kwenu.

KWA NINI MSITU KWANZA

Nyuki kibarua huruka kilometa 2 hadi 3 kutoka mzingani kutafuta mbochi na chavua, na njaa ikibana huenda mbali zaidi. Chora duara la kilometa 3 kuuzunguka mzinga wako: utapata eneo la hekta zipatazo 2,800. Hakuna kijana mwenye shamba la ukubwa huo. Mzinga ni wako, lakini malisho ni ya kijiji kizima, na anayefyeka upande wa pili wa kilima anagusa mfuko wako hata kama hakujui.

Kuna jambo la majira pia. Katika miombo ya Tabora, mti ambao Wanyamwezi huuita mtundu hutoa maua kabla ya mvua, wakati ule pori linapovaa majani machanga mekundu. Muba hufuata mvua zikiwa zimeshika. Katikati na baadaye huja maua ya nyasi, magugu, vichaka na mazao. Mfululizo huo ndio unaowaweka nyuki mzingani mwaka mzima. Mitundu ikiisha kwenye matanuri ya mkaa na kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, linatokea pengo la njaa, na nyuki wetu wa Afrika hawavumilii njaa. Kundi zima huhama, likakuachia masega matupu.

Tusidanganyane lakini: kufuga nyuki peke yake hakulindi msitu. Warina asali wenyewe wameharibu miti mingi. Mzinga wa gome hupatikana kwa kumenya gome la mti mzima kuzunguka shina, na mti uliomenywa hivyo hukosa njia ya kupeleka chakula mizizini, ukafa. Warinaji wengine huangusha mti mzima ili wafikie pango moja la nyuki. Wengine hupanda usiku na mwenge wa nyasi, cheche zikadondoka, na asubuhi mlima mzima ni majivu. Mkienda mkutanoni kuomba msitu, wazee watayakumbuka hayo yote. Yasemeni ninyi kwanza, halafu mwaeleze mtafanyaje tofauti.

HATUA SITA KABLA YA KUNUNUA MZINGA

1. Jua msitu ni wa nani. Hili ndilo linaloangusha vikundi vingi, kwa sababu pori lote huonekana sawa ukiwa ndani yake. Muulize Afisa Mtendaji wa Kijiji na afisa misitu au afisa nyuki wa wilaya, na mwoneshwe mipaka kwenye ramani na kwa miguu.

Msitu ukiwa kwenye ardhi ya kijiji, mwenye kauli ni Mkutano Mkuu wa Kijiji na Halmashauri ya Kijiji. Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 inakiruhusu kijiji kutenga Hifadhi ya Msitu wa Kijiji na kuisimamia chenyewe. Sheria ya Ufugaji Nyuki Na. 15 ya 2002 inakiruhusu pia kutenga hifadhi ya nyuki.

Ukiwa hifadhi ya misitu ya Serikali Kuu, kibali kinatoka kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Ukiwa ndani ya Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori, kama Ipole au Uyumbu mkoani Tabora, mnazungumza na uongozi wa jumuiya. Na ukiwa ndani ya Hifadhi ya Taifa, kama Katavi au Ruaha, acheni. Mtakamatwa, na mizinga itachukuliwa.

2. Ufahamuni msitu kabla ya kuuomba. Utembeeni mwezi mmoja angalau mara moja kwa wiki. Andikeni miti iliyo na maua, mahali penye maji ya kiangazi, visiki vipya, alama za matanuri, njia za mifugo na mapango yenye nyuki wa porini. Msitu wenye nyuki wa porini ni habari njema kuliko mzinga wowote wa kisasa, maana hao ndio watakaohamia kwenu.

3. Mtafuteni mrinaji wa siku nyingi. Kila kijiji cha miombo kina mzee anayejua ni mwezi gani mzinga unakuwa mzito. Nendeni kwake kwa adabu, mumsaidie kazi msimu mmoja, na mkubali kuumwa mbele yake. Anayo mazoea ambayo hamtayaiga, mwenge ukiwa mmojawapo, lakini kalenda ya maua ya msitu wenu haimo kwenye kijitabu chochote, imo kichwani mwake. Afisa nyuki wa wilaya atawapa upande wa pili, na wanaotaka masomo rasmi wana Chuo cha Mafunzo ya Ufugaji Nyuki Tabora.

4. Andikeni ombi kwa Halmashauri ya Kijiji. Ukurasa mmoja unatosha: ninyi ni nani, mnaomba eneo lipi, mizinga mingapi, mtaulindaje msitu, na kijiji kitapata nini.

5. Pitieni kwenye Kamati ya Maliasili ya Kijiji, kisha Mkutano Mkuu. Ahadi ya mwenyekiti mliyopewa kibarazani haina nguvu siku akibadilishwa. Mnachohitaji ni nakala ya muhtasari wa mkutano, wenye saini na mhuri, unaotaja eneo na muda.

Mkutanoni watakuwepo wakulima wasio na haja na asali. Kwao semeni habari ya alizeti, maboga na matikiti: mimea hiyo inategemea wadudu kubeba chavua ili izae vizuri. Mkulima wa alizeti akielewa hilo, anakuwa mlinzi wenu pasipo kulipwa.

6. Ombeni sheria ndogo. Kijiji kina uwezo wa kutunga sheria ndogo za kuzuia mizinga ya magome, moto wa ovyo na ukataji ndani ya eneo la nyuki. Zinapitishwa na Mkutano Mkuu, halafu zinapelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Safari ni ndefu, kwa hiyo ianzeni mapema.

KISANDUKU: MAKUBALIANO YENU NA KIJIJI YATAJE
☐ Mipaka ya eneo kwa alama za ardhini (mto, barabara, kilima)
☐ Muda wa makubaliano, na namna ya kuyaongeza
☐ Kazi za kikundi: doria, barabara za moto, kutoa taarifa
☐ Sehemu ya mapato itakayokwenda kijijini, na italipwa lini
☐ Nani anaruhusiwa kuingia eneo la mizinga
☐ Wafanyeje wenye mizinga yao ya zamani humo ndani (msiwafukuze, wakaribisheni)

KIKUNDI

Vikundi vingi huundwa wiki ambayo habari za mkopo zimefika kijijini, na hufa wiki ya marejesho. Undeni chenu kwa kazi. Watu ambao wametembea msitu pamoja kwa mwezi mzima wameshachujana wenyewe. Kumi wanatosha, hata watano. Andikeni katiba fupi inayosema nani akikosa zamu ya doria anafanywa nini na mapato yanagawanywaje, fungueni akaunti yenye watia saini watatu, kisha kajiandikisheni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.

Huyo huyo atawaeleza juu ya mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambamo vijana wametengewa asilimia 4. Ni mkopo mzuri, ila una mtego kwa mfuga nyuki: marejesho yanaweza kuanza kabla asali haijapatikana. Piga hesabu hii kwanza. Tuchukulie mmetundika mizinga 10. Mwaka wa kwanza mitano inapata nyuki, na hamrini kitu kwa sababu makundi bado machanga. Mwaka wa pili mnarina kilo 10 kwa kila mzinga kati ya hiyo mitano. Jumla ni kilo 50. Wanachama mkiwa kumi, kila mmoja ana kilo 5. Fedha ya kurejesha mkopo iko wapi hapo? Endeleeni kulima. Nyuki waanze kama kazi ya pembeni, na mkopo uje mkishajua mzinga wenu unatoa kilo ngapi.

Jambo moja kuhusu wasichana. Kazi hii ilikuwa ya wanaume kwa sababu mzinga uliwekwa juu mtini na ulirinwa usiku. Mzinga wa viunzi, ambao nitaueleza hapa chini, unatundikwa usawa wa kifua, mahali panapofikika. Sababu ya zamani imeondoka, na kikundi kinachowapa wasichana kazi ya kupika chai na kuandika mahudhurio kinajipunguzia warinaji bure.

MZINGA GANI?

Mzinga wa gome: hapana, hata ukipewa bure.

Mzinga wa gogo: unafaa, hasa ukichongwa kwenye mti uliokwisha kuanguka. Nyuki huupenda. Kasoro yake ni kwamba kukagua ndani ni kugumu, na mrinaji huishia kukata masega ya watoto pamoja na ya asali.

Mzinga wa viunzi vya juu: huu ndio ninaowashauri wanaoanza. Ni sanduku lenye vijiti bapa 25 hadi 30 vilivyopangwa juu, na nyuki hujenga sega moja chini ya kila kimoja. Unanyanyua kiunzi, unaliona sega, unachagua la kukata. Unahitaji kipimo kimoja tu ambacho fundi asibahatishe: upana wa kila kiunzi uwe milimita 32. Huo ndio umbali ambao nyuki wetu huacha kutoka katikati ya sega moja hadi katikati ya jingine. Fundi akiweka milimita 40, nyuki watajenga kimshazari, masega yatashikana, na mtabaki na sanduku lisilofunguka. Nendeni na rula, pimeni kabla ya kulipa.

Mbao ziwe za paina au mkaratusi kutoka mashamba ya kupandwa. Mninga mwachieni msituni. Mbao zilizopakwa dawa ya wadudu zitafukuza au kuua nyuki. Rangi ipakwe nje tu.

Mizinga ya fremu na mashine za kukamulia ni nzuri na ni ghali. Ngojeni.

MANZUKI: MAHALI PA KUWEKA MIZINGA

☐ Mita 300 au zaidi kutoka nyumba, shule, kisima, zizi na njia ya watu
☐ Maji yasiyokauka ndani ya kilometa moja. Yasipokuwepo, wekeni beseni lenye vijiti vinavyoelea ili nyuki wasizame
☐ Kivuli cha mchana, na kinga ya upepo
☐ Mbali na mashamba yanayopuliziwa dawa, hasa tumbaku na pamba
☐ Mahali panapofikika kwa baiskeli au pikipiki, maana asali ni nzito
☐ Nafasi ya kuongeza mizinga, isizidi 20 au 30 hadi mjue msitu unalisha mingapi

Mzinga utundikwe kwa waya kati ya miti miwili au nguzo mbili. Waya ukipakwa grisi huwazuia siafu na sisimizi. Mzinga uliowekwa chini au kwenye kichanja kifupi ni chakula cha nyegere, mnyama ambaye akishaujua mzinga mmoja ataitembelea yote. Fyekeni majani kuzunguka kila mzinga upana wa mita 3, kwa ajili ya wadudu na kwa ajili ya moto.

KUWAPATA NYUKI NA KUWATUNZA

Makundi hugawanyika na kutafuta makazi chakula kinapoanza kuwa kingi. Tundikeni mizinga kabla ya hapo. Kwenye miombo ya magharibi, mwezi Agosti mizinga iwe tayari juu. Safisheni ndani, pakeni nta iliyoyeyushwa kwenye mstari wa katikati wa kila kiunzi ili nyuki wajue pa kuanzia, na pakeni kidogo mlangoni pia. Gundi ya nyuki na majani ya mchaichai yaliyopondwa husaidia kuvuta. Halafu mtulie. Msifungue kila siku kuchungulia. Mzinga ambao haujapata nyuki baada ya msimu mzima, uhamisheni mahali pengine.

Kundi likishaingia, liacheni wiki chache lijenge. Baada ya hapo ukaguzi mfupi kila mwezi au miezi miwili unatosha. Mnatazama mambo manne: kuna majana (watoto wa nyuki) waliopangika vizuri, kuna akiba ya asali, hakuna nondo wa nta wala mende wa mzinga kwa wingi, na masega yamenyooka. Sega lililopinda lirekebishwe likiwa changa. Kundi lenye nguvu hujilinda lenyewe dhidi ya nondo. Mkiona masega yamejaa utando mweupe, jueni kundi lilikuwa limeshadhoofika au limeshahama. Ondoeni masega hayo, yayeyusheni, safisheni mzinga.

KURINA

Katika sehemu nyingi za miombo mavuno makubwa huangukia katikati ya mwaka, na pengine mengine madogo kuelekea mwisho wa mwaka. Tarehe kamili ataisema yule mzee. Kazi ianze saa kumi na moja jioni, jua likipoa, muwe mmemaliza wakati bado mnaonana. Mkiwa na bomba la moshi, hamna haja ya usiku wala mwenge.

Vifaa: bomba la moshi, mavazi ya kinga yenye kofia ya wavu, glavu, buti, patasi, kisu, burashi laini, ndoo mbili za plastiki za chakula zenye mifuniko inayobana, na maji.

1. Washeni bomba kwa magunzi, nyasi kavu au maranda. Msitumie plastiki, matairi, mafuta ya taa wala tumbaku. Harufu itaingia kwenye asali na wanunuzi wataisikia.

2. Pulizeni moshi mlangoni mara chache, ngojeni dakika mbili. Moshi huwafanya nyuki wajaze matumbo kwa asali na hufunika harufu yao ya hatari. Moshi mwingi kupita kiasi huwachafua na kuwakasirisha.

3. Fungueni mfuniko, gongeni viunzi polepole. Kile kinachotoa sauti tupu hakina sega. Anzieni mwisho wa mzinga ulio mbali na mlango, maana huko ndiko huwekwa asali.

4. Nyanyueni kiunzi kimoja kimoja. Sega la kukata ni lile ambalo vyumba vyake, robo tatu au zaidi, vimezibwa kwa nta. Asali isiyozibwa ina maji mengi na itachacha. Mkiwa na shaka, likung'uteni sega kidogo: likirusha matone, lirudisheni.

5. Kateni, acheni ukanda wa sentimeta mbili hivi juu ili nyuki waanzie hapo. Swageni nyuki kwa burashi, tumbukizeni sega kwenye ndoo, funikeni mara moja. Ndoo ya pili ni ya masega yenye chavua au asali mbichi, msichanganye.

6. Mkifikia sega lenye majana, simameni. Hilo na yote yanayofuata si yenu.

7. Acheni pia masega mawili au matatu ya asali kwa ajili ya nyuki. Mrinaji anayefagia mzinga mzima hurina mara moja.

8. Fungeni, ondokeni, zimeni bomba kwa maji na mhakikishe kwa mkono kwamba majivu yamepoa kabla ya kumwaga.

KISANDUKU: USALAMA
Usiende manzuki peke yako, na simu iwe na chaji. Jueni kabla ya safari ni bodaboda yupi atakayeitwa.
Ukiumwa, kwangua mwiba mara moja kwa ukucha au kisu; unaendelea kusukuma sumu ukibaki. Mahali ulipoumwa hutoa harufu kama ya ndizi mbivu inayowaita nyuki wengine, kwa hiyo papulizie moshi.
Nyuki wakicharuka, usiwapunge kwa mikono. Funika uso, ondoka haraka kupitia vichakani au ingia ndani ya nyumba. Usikimbilie penye watu wengi.
Mtu akivimba midomo, ulimi au uso, akipumua kwa shida, akitapika, akizunguzwa au akitoka vipele mwili mzima, mpelekeni kituo cha afya saa hiyohiyo. Vivyo hivyo aliyeumwa na nyuki wengi sana, hata kama anasema yuko salama.
Mwenye historia ya kuvimba namna hiyo afanye kazi nyingine ya kikundi.

ASALI IKISHAFIKA NYUMBANI

Chujeni ndani ya chumba kilichofungwa, kwa kitambaa safi cha wavu, siku hiyohiyo au kesho yake. Masega yapondeni kwa mikono safi, asali ishuke yenyewe. Usichemshe asali ili iteremke haraka; moto huua harufu yake na ubora wake, na mnunuzi mwenye vipimo atagundua. Iacheni itulie siku mbili tatu, engueni povu, jazeni vyombo vikavu. Kiwango cha kimataifa cha maji ndani ya asali ni asilimia 20 kwenda chini. Kipo kifaa kidogo cha kupimia. Vikundi kadhaa vikichangiana kinanunulika.

Sasa bei. Wanunuzi wengi hupita vijijini na ndoo ya lita 20. Asali ni nzito kuliko maji: lita moja ina takriban kilo 1.4. Ndoo hiyo ikijaa ina kilo zipatazo 28. Anayekulipa kwa kuhesabu "ndoo ni kilo ishirini" ameondoka na kilo 8 zako, kila ndoo. Nunueni mizani kabla ya kununua fulana za kikundi.

Nta nayo watu huitupa. Chemsheni masega yaliyokamuliwa kwenye maji, yakamueni kupitia gunia, acheni yapoe, na nta itaelea juu ikiwa imeganda. Isiyeyushwe moja kwa moja juu ya moto, maana inashika moto kama mafuta. Haiozi. Ikusanyeni msimu hata msimu mpaka ifike kiasi cha kuuza, na mbakishe ya kupaka viunzi.

Mkitaka chupa zenye nembo, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) watawaelekeza ufungashaji na Shirika la Viwango Tanzania (TBS) uthibitisho wa ubora. Kwenye lebo andikeni kwamba asali isipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Inaweza kubeba vimelea ambavyo tumbo lake changa haliwezi kuvidhibiti. Na mteja akilalamika kwamba asali imeganda, mwelezeni kwa upole kuwa asali safi huganda. Ile ya kuipima kwa njiti ya kiberiti ni mchezo, haithibitishi kitu.

KUULINDA MSITU KILA MWEZI

Doria yenu isiwe ya mabavu. Kazi yenu ni kuona, kuandika na kupeleka taarifa kwa Kamati ya Maliasili. Pigeni picha ya kisiki au tanuri, andikeni tarehe na mahali. Mkikuta wakataji wenye mashoka na misumeno, rudini nyuma, msijaribu kuwakamata.

Moto ndio adui mkubwa. Barabara za moto zisafishwe mwezi Mei au Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu. Kamati ikiamua kuchoma mapema ili kupunguza nyasi, ifanyike kwa kibali, asubuhi au jioni isiyo na upepo, watu wote wakiwepo. Moto wa Septemba, nyasi zikiwa kavu kabisa na mitundu ikiwa inachanua, unateketeza maua ya msimu mzima.

Kuhusu kupanda miti, nina maoni yasiyopendwa kwenye sherehe. Miombo huchipua yenyewe kutoka kwenye visiki na mizizi. Eneo lililokatwa likikingwa moto na mifugo kwa miaka michache hurudi lenyewe, kwa miti ileile ambayo nyuki wanaijua. Miche elfu moja iliyopandwa siku ya maadhimisho na kuachwa kiangazi bila maji haifiki Krismasi. Mkiwa na nguvu chache, zitieni kwenye kulinda machipukizi. Miche ipandeni nyumbani na mipakani mwa mashamba: miembe, michungwa, mizambarau. Nyuki wataifuata, nanyi mtakula matunda.

MAKOSA YANAYORUDIWA
☐ Kupokea mizinga 50 ya msaada wakati hamjawahi kutunza mitano
☐ Kurina mwaka wa kwanza kwa sababu mgeni wa mradi anakuja
☐ Kuchanganya asali iliyoiva na mbichi ili ndoo ijae
☐ Kununua asali kwa wengine na kuiuza kama yenu bila kuipima
☐ Kuacha daftari: mzinga upi ulipata nyuki lini, ulitoa kilo ngapi, nani alikagua

Kisheria, Mkutano Mkuu wa Kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Kesho muulizeni Mtendaji tarehe ya mkutano ujao, na mwombe ajenda yenu iingizwe kabla tangazo halijabandikwa.